Udongo wa Kitovu

Mlangoni pa makumbusho, pale Kasongo, nilisimama kwanza. Célestin wangu, mtoto wa miezi mitatu, alikuwa anawaka mgongoni kama jiwe la mekoni. Tangu asubuhi hakulia hata mara moja. Dawa ya dispanseri aliitapika.

Kwetu, kitovu kikianguka, nyanya wa mtoto anakitia ndani ya chungu pamoja na udongo, anakizika nyuma ya nyumba. Hakiguswi mpaka mtoto atembee, asije akaugua. Mama mkwe wangu, Régina, alitumia chungu tulichokiokota tukilima muhogo, cha kale, chenye michoro shingoni. Alisema kile ni kigumu, hakitapasuka. Kumbe ndivyo vyungu ambavyo Mzungu wa makumbusho alikuwa anatafuta! Jana watu wake wakachimba nyuma ya nyumba, wakakichukua, sisi tukiwa shambani. Jioni homa ikamshika mwanangu.

Niliingia. Vyungu vilijaa kwenye mbao za ukutani mpaka juu, midomo wazi. Niliona kama vinamvuta Célestin pumzi.

"We mama, soko iko kule!" Alikuwa Zéphirin, mwosha vyungu.

"Kaka, chungu ya mutoto wangu iko hapa."

Akacheka. "Hivi viko vya watu wa zamani. Mutoto wako iko na miaka mia ngapi?"

Nilikiona mezani, kinang'aa maji. Nikachungulia ndani. Kitupu.

"Udongo ya ndani iko wapi?"

"Si nimeosha! Bwana anataka safi."

Nikamwambia kilichokuwa ndani. Kicheko kikamkauka. Akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena.

"Yesu wangu. Dada, chungu siwezi kukupa. Watanifunga."

"Chungu mubaki nacho. Nionyeshe pahali ulimwanga maji ya kuoshea."

Nje gari likanguruma, likazima. Bwana, yule Mzungu, alikuwa amerudi. Zéphirin akanisukumia mlango wa nyuma, akanionyesha pale nje alipomwaga. "Fanya mbio!"

Nikapiga magoti kwenye matope. Nilipekua kwa vidole, kitovu sikukiona. Viatu vya Bwana vikagonga sakafu, sauti yake ikamwita Zéphirin. Basi nikazoa yote, matope, vijiwe, majani, nikayafunga ndani ya kikwembe nilichojifunga tumboni, nikaondoka bila kugeuka.

Maji ya udongo yalinichuruzika mapajani, ya baridi. Nilitembea nikingoja mtu aniite nyuma. Nilipopita nyumba za mwisho, ndipo Célestin akalia. Kilio kikali, cha njaa. Nikaanguka chini kando ya barabara, mikono yote matope, nikamtolea ziwa.