Barua ya Chumba Namba Kumi na Nne

Hamida hakumwamkia. Alipita kwenye korido ya wahadhiri, akamwona Madam Felicitas amesimama mlangoni mwa ofisi yake na funguo mkononi, akamkazia macho, kisha akapita zake. Kwa miaka mitatu binti yule hakuwahi kumnyima shikamoo, hata muhula ule aliompa alama ya D. Leo shikamoo imekwisha. Felicitas alijua kwa nini, ndiyo maana hakuthubutu kumwita.

Sababu ilikuwa barua, na barua yenyewe aliiandika Felicitas kwa mkono wake na kwa moyo mweupe kabisa, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Upuuzi wote ulianzia kwenye semina. Chuo Kikuu cha Mivinjeni, kilichobanwa kati ya yadi mbili za makontena kule Kurasini, kiliwakusanya wahadhiri wake mwezi wa tatu na kuwaletea mtaalamu wa kuwafundisha namna ya kuwajali wanafunzi. Wakala sambusa, wakanywa soda, wakaambiwa kwamba mwanafunzi mwenye njaa hasomi na asiye na pa kulala hasomi, kana kwamba walikuwa hawajui. Nusu yao walikuwa kwenye simu. Felicitas Haule, mwalimu wa takwimu, mwanamke wa Songea mwenye miaka arobaini na saba na asiyejua kufanya jambo nusunusu, aliandika kila neno. Mtaalamu alisema, ukiona tatizo usikae nalo, liandike, lipeleke ofisi husika. Sentensi hiyo aliipigia mistari miwili. Kabla hawajatawanyika wakamchagua kuwa mratibu wa ustawi wa wanafunzi katika kitivo chao, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Tatizo lake la kwanza liliitwa Lusungu, binti wa Tukuyu, mwaka wa tatu, mpole, kichwa kizuri cha hesabu. Alikuwa akisinzia darasani. Si usingizi wa uvivu, Felicitas anaufahamu ule. Huu ulikuwa usingizi wa mtu anayeanguka na kalamu mkononi katikati ya namba. Siku moja alimbakiza baada ya kipindi, akamuuliza polepole, mpaka Lusungu akasema. Shangazi yake wa Yombo aliyekuwa akimhifadhi amehamia Mbeya. Bweni la chuo limejaa. Amebebwa na Hamida.

Chuoni wanaita kubebana. Mwenye kitanda anambeba asiye nacho; wanalala wawili kwenye godoro la mtu mmoja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na alfajiri mbebwa anatoka na begi lake kabla matroni hajaanza mzunguko. Sheria za bweni zinakataza na adhabu yake ni kubwa. Matroni anajua, walinzi wanajua, mpaka mama anayeuza maandazi getini anajua nani kabebwa na nani. Lakini hakuna anayesema, na kwa sababu hakuna anayesema, watu wanalala.

Felicitas aliomba aone mwenyewe. Wakampeleka mchana, Bloku C, chumba namba kumi na nne. Hamida, binti wa Newala, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha, alimpisha kitandani, akachemsha maji, akampa chai ya rangi yenye tangawizi katika kikombe pekee kilichokuwa na mkono.

"Madam, tumekuonesha kwa sababu umeuliza vizuri," Hamida alisema. "Lakini hili liishie hapahapa."

"Limeisha," Felicitas akasema.

Na hakuwa anadanganya. Kwa akili yake, kusema ni kusema na watu. Kupeleka ofisini ni kitu kingine.

Jumamosi akaiandika, nyumbani kwake Mtoni Kijichi. Anaishi peke yake. Kompyuta huitumia chumba cha nyuma, kwa sababu sebuleni jua linampiga usoni, na chumba hicho kina kitanda alichomnunulia mdogo wake aliyesema anakuja Dar mwaka juzi na mpaka leo hajaja. Godoro bado liko ndani ya nailoni yake. Juu yake kuna mitihani ya zamani ya miaka sita, mafungu kwa mafungu. Felicitas alisogeza fungu moja, akaketi, akaweka kompyuta mapajani, akaandika kurasa mbili. Aliandika vitanda vya chuo ni mia mbili arobaini, wanafunzi ni elfu moja na ushee. Akachora na jedwali. Kisha, ili ofisi isione kwamba anasema mambo ya hewani, akatoa mfano: Lusungu wa mwaka wa tatu, ambaye kwa sasa analala Bloku C, chumba namba kumi na nne, kwa hisani ya mwenzake Hamida. Akaisoma mara mbili. Akaridhika sana na nafsi yake.

Jumatatu aliifikisha ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Jumatano alfajiri matroni, Mama Benedicta, aligonga chumba namba kumi na nne akiwa na nakala ya barua mkononi. Lusungu alikuwa ameshatoka kwenda kuoga, Mungu bariki, lakini begi lake lilikuwepo. Hamida akasema begi ni lake. Kufikia saa mbili asubuhi picha ya barua ilikuwa kwenye magrupu yote ya wanafunzi, saini ya Felicitas inaonekana vizuri kuliko kitu kingine chochote. Kufikia mchana mabinti wawili walikuwa na wito wa kamati ya nidhamu siku ya Ijumaa. Wakipatikana na hatia watasimamishwa mwaka mzima, wote wawili, mbebaji na mbebwa. Na mitihani ya kumaliza chuo ilikuwa inaanza wiki inayofuata.

Alhamisi asubuhi ndipo Hamida alipopita bila kuamkia. Felicitas alifunga ofisi, akapanda ghorofani kwa Mshauri wa Wanafunzi, Dokta Augustine Mlelwa, ambaye mambo yote ya mabweni yapo chini yake.

"Dokta, mie nilikuletea shida ya mtoto, wewe umeifanya kesi."

Dokta Augustine hakumkaribisha kiti. Alikuwa na barua mezani, ameikunja kona.

"Ulitaka nifanye nini?"

"Umtafutie pa kulala."

"Vitanda mia mbili arobaini. Umeandika mwenyewe, na jedwali umechora. Sasa ulitaka nichonge kitanda?"

"Ungeniita basi tukaongea."

"Madam Felicitas." Alilitamka jina lake taratibu, kwa kero ya mtu anayemweleza mtoto. "Miaka tisa nipo kwenye kiti hiki. Miaka tisa mie sijui kama kuna mtu anabebwa hapa. Mama Benedicta naye hajui. Wewe ndiye uliyetujulisha, kwa maandishi, na nakala kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Nikinyamaza sasa nimeshiriki. Hawa watoto hawajachomwa na mimi."

Felicitas aliitazama ile kona ya barua iliyokunjwa. Alimchukia palepale, na alimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

"Na wabebwa wengine kumi na wawili wa hivyohivyo pale Bloku C," Dokta Augustine akaongeza, akifungua faili jingine, "wameshatawanyika. Wamekimbia tangu jana. Sijui wamelala wapi. Hilo nalo kaliandikie barua."

Ijumaa saa nne asubuhi Felicitas, aliyeitwa kama shahidi, aliwakuta Hamida na Lusungu wamekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Lusungu alikuwa na begi lake miguuni. Alikuwa amelala kwa dada mmoja wa kanisani huko Chang'ombe na huyo dada amemwambia jana ilikuwa mwisho. Alisimama, akaamkia kwa sauti ndogo. Hamida hakusimama.

"Hamida, mwanangu," Felicitas akaanza.

"Mie si mwanao."

"Nilitaka kusaidia."

"Nilikupa chai," Hamida akasema. Hakupandisha sauti. "Umekaa kwenye kitanda changu, umekunywa chai yangu, umetoka hapo umekwenda kuandika namba ya chumba. Mama angu Newala amenisomesha kwa korosho, kila msimu anaokota mpaka mgongo unakataa kunyooka. Wiki ijayo nilikuwa namaliza. Nikisimamishwa, wewe utaenda kumwambia? Au utamwandikia?"

Kuna maneno yanayomfanya mtu mzima atamani ardhi ipasuke. Felicitas alisimama palepale na mkoba wake mpaka karani alipofungua mlango na kuwaita.

Ndani walikuwa watano, Dokta Augustine katikati. Mama Benedicta alieleza alichokikuta: binti mmoja kitandani chini, mwingine wa mwaka wa kwanza kitandani juu mwenye haki ya kuwepo, na mabegi matatu. Hamida akarudia kwamba mabegi mawili ni yake, yeye anapenda nguo. Mjumbe mmoja akacheka, Dokta Augustine akamkata jicho.

"Basi hatuhitaji kubishana mabegi," akasema. "Tunaye shahidi, na ni mhadhiri. Madam, barua hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Saini yako?"

"Yangu."

"Umeandika kuwa Lusungu analala chumba namba kumi na nne. Iambie kamati ulijuaje."

Felicitas aliitazama barua. Ilikuwa barua nzuri. Hakuna kosa hata moja la uchapaji. Alikuwa na maombi ya kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi, yapo juu kwa Makamu Mkuu, na watu wawili kati ya watano hawa ndio wangeyajadili. Katika maisha yake ya kazi hajawahi kubadilisha takwimu ya mtu. Amewahi kumfelisha mtoto wa mkuu wa idara kwa sababu ya namba moja ya kupika.

"Sikujua," akasema. "Nilitunga."

Mama Benedicta aliinua uso.

"Ulitunga nini?"

"Mfano. Nilitaka barua iwe na nguvu. Niliona binti anasinzia darasani, nikasikia maneno ya wanafunzi, nikaongeza namba ya chumba. Sijawahi kukanyaga Bloku C."

Dokta Augustine aliisogeza barua pembeni. Alijua anadanganywa, na yeye Felicitas alijua kwamba anajua. Lakini karani alikuwa anaandika, na kikishaandikwa kimeandikwa. Chuo hiki kinaishi kwa karatasi, basi na kife kwa karatasi.

"Unaelewa unachosema, Madam? Kwamba umeidanganya ofisi yangu na ya Makamu Mkuu, kwa maandishi, kuhusu wanafunzi wawili?"

"Naelewa."

"Hata cheo unachokiomba unaelewa?"

"Dokta, andika nilichosema."

Ikaandikwa. Ushahidi hakuna, mashtaka yamefutwa, wanafunzi wakafanye mitihani. Felicitas Haule apewe onyo kali, nakala kwenye jalada lake, na aondolewe mara moja katika jukumu la uratibu wa ustawi wa wanafunzi kwa kuwa ameonesha kutolistahili. Dokta Augustine aliisoma sentensi hiyo ya mwisho kwa raha zake zote.

Nje jua lilikuwa kali na malori yalikuwa yamefunga foleni kuelekea bandarini, honi juu ya honi. Mabinti walikuwa chini ya ngazi. Felicitas alishuka taratibu. Tusifiche: alitarajia kitu. Si asante, alijua asante amejipotezea mwenyewe, lakini walau ile shikamoo yake irudi. Ametoa cheo chake pale ndani mbele yao.

Hamida alimsubiri afike chini.

"Umetuchomoa ulikotuchomeka," akasema. "Sawa. Sasa huyu leo analala wapi?"

"Nita..." Felicitas akasita. "Kuna ofisi ya..."

"Ofisi gani tena?"

Felicitas hakuwa na ofisi ya kuitaja. Alikuwa amewaza kesi tu tangu Jumatano, kitanda hakukiwaza.

"Kwangu harudi. Matroni ananihesabia mpaka mito," Hamida aliendelea. "Wale wengine wa Bloku C wote wamefunga milango, kila mmoja anaogopa kivuli chake, na ni kwa sababu yako. Madam, wewe unakaa wapi?"

"Kijichi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Vyumba vingapi?"

Lilikuwa swali dogo sana kwa mwalimu wa takwimu. Alikuwa amehesabu vitanda vya Bloku A, B na C, akahesabu vichwa, akagawanya, akachora jedwali. Katika kurasa mbili aliorodhesha kila kitanda anachokijua isipokuwa kimoja, na hicho ndicho alichokuwa amekikalia wakati anaandika.

Hamida aliusoma uso wake. Hakuhitaji jibu.

"Basi mbebe wewe," akasema. Akatupia mkoba wake begani, akakata kuelekea getini bila kuaga na bila kuamkia.

Lusungu alibaki kwenye ngazi, ameshika mikanda ya begi kwa mikono miwili, anatazama viatu vyake.

"Madam, kama ni usumbufu, mie naweza nika..."

"Kitandani kuna mitihani ya zamani," Felicitas akasema. "Mingi. Na godoro sijalitoa nailoni. Lete hilo begi."