Aloi za Samuel

Mimi na Samuel ni walamu: amemuoa dada yangu Dama. Kwetu mlamu hutaniwa mpaka atoke jasho, na kwa miaka kumi na saba sikuwahi kulitaja jina la Samuel bila kulitilia pilipili. Nimemwita fisi. Nimemwita mkia wa mbuzi. Siku mwanawe Purity alipobatizwa, nilisimama nje ya kanisa nikamdai dada yangu mbele ya mchungaji. Naye hajabaki nyuma, maana ana ulimi wake. Kwa hiyo alipokuja kibandani kwangu Tiwi, ninapoziba matairi na kunyosha rimu, nilimpokea kama kawaida.

"Karibu, mwizi wa dada za watu. Umekuja kumrudisha?"

"Nimrudishe wapi? Nyumba yenu haina hata mlango."

Akaketi juu ya tairi la lori, akafungua karatasi yenye picha za gari. Baada ya miaka mingi ya kubeba wageni kwa magari ya wenzake, alikuwa anachukua lake, jipya, kutoka kwa wauzaji wa Mombasa. Gari ni lile lile, ila kiwandani hutoka kwa namna mbili: lenye rimu za chuma na vifuniko vya plastiki, au lenye rimu za aloi zinazong'aa kama sahani za harusi. Alitakiwa ajibu kabla ya Jumatatu.

"Maryanne wa pale hotelini Diani anasema nilete kitu safi," alisema. "Eti wageni wanapiga picha hadi matairi. Nikileta chuma, wageni wa uwanja wa ndege atapewa dereva mwenzangu Owen."

Nilijua uzito wa neno hilo. Nauli za wageni wale ndizo zilizomweka Purity shule ya bweni. Lakini nilijua na uzito wa pili. Tangu figo za Dama zichoke, kila Jumanne na Ijumaa ni lazima afike hospitali ya Msambweni kwenye mashine ya kusafisha damu, na zamu yake ni saa tatu asubuhi. Wanakaa ng'ambo ya Kinango, na kabla hujaifikia lami kuna mawe ambayo hata punda huyakwepa. Gari moja, kazi mbili: Diani kuna wageni, nyumbani kuna mgonjwa.

Nikamwambia ninayoyajua. Aloi si mbaya, ni nyepesi, na kwenye lami gari hutulia. Nikamwonyesha kipande cha reli nilichokitoa Mackinnon Road, ninachonyoshea rimu juu yake. "Chuma kikipigwa na jiwe hujikunja, hununa tu. Nakilaza hapa, nakipiga nyundo, kinarudi, mtu anakwenda zake. Aloi hainuni. Hupasuka kama chungu."

"Wewe unaitafutia nyundo yako kazi."

"Basi tia aloi, umuue dada yangu, uoe kisichana chembamba."

Tukacheka wote wawili, hata akashika ubavu. Alipofika nyumbani alimsimulia Dama, na Dama naye, nasikia, alicheka mpaka akakohoa. Ukweli wangu wote ulikuwa ndani ya maneno yale, lakini niliutoa kwa mdomo ule ule wa kila siku.

Gari likaja na aloi. Lilipendeza, sitasema uongo. Lilipita Tiwi likipiga honi, nami nikalitukana kama inavyostahili. Miezi minne halikupata neno.

Ikaja Ijumaa moja baada ya mvua ya juma zima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu yangu ikalia.

"Shutu."

Si mlamu, si mlevi, si jina lolote nililolizoea kwake. Jina langu tupu: Shutu.

"Rimu mbili zimepasuka," alisema Samuel. "Za kushoto, mbele na nyuma, jiwe moja. Tairi la akiba ni moja. Dama anapumua vibaya."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ulimi ulikwenda wenyewe kwenye njia yake: nilikwambia, fisi we. Nikaumeza. Nikamuuliza mahali walipo, nikakata.

Nilichagua rimu ya chuma inayoingia kwenye gari lile, yenye tairi lake, na nati zake, maana nati za aloi hazikai vizuri kwenye chuma. Rai, mwendesha bodaboda, akaifunga nyuma yangu kwa mipira. Tulipanda mpaka Kwale, tukapita Kinango, rimu ikinigonga mgongo kila tulipoingia shimo. Sikuhisi maumivu. Nilikuwa nahesabu saa.

Nilimkuta Dama ameegemezwa kiti cha nyuma, ameketi wima kwa sababu akilala maji yanamziba kifua. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vimevuliwa. Bodaboda asingeiweza, na gari jingine halikuwa limepita tangu alfajiri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umechelewa kuja kunidai," akasema, kisha pumzi ikakatika.

Samuel alikuwa ameshatia tairi la akiba mbele. Nikatia chuma nyuma. Alinishikia nati moja moja kwenye kiganja, akinipa kama mtu anayetoa sadaka. Aloi iliyopasuka ilikuwa imelala majanini, ufa wake umetoka ukingoni hadi katikati.

Tulifika Msambweni saa tano kasorobo. Mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine, kama ilivyo haki yake. Muuguzi Nereah akamtazama Dama, akamtia kwenye oksijeni, akatuambia tungoje. Mmoja wa wagonjwa wa mchana akitoka mapema, ataangalia.

Tukangoja kwenye benchi la ukumbini.

"Nilikwambia siku ile," nikasema.

"Ulikuwa unatania."

"Sikuwa natania, baba Purity."

Akageuka kunitazama. Sikuwahi kumwita hivyo. "Sasa mimi ningejuaje, Shutu? Miaka kumi na saba. Ningejuaje?"

Angalau siku ile kibandani ningeweka nyundo chini, nikamvuta mkono, nikasema: hili si la utani. Sentensi moja tu.

Saa nane na robo Nereah akatuita. Dama akaunganishwa na mashine. Jioni ile alitoka akitembea, mkono mmoja begani kwa mumewe, akauliza kama kuna aliyekula.

Juma lililofuata Samuel alitia rimu za chuma zote nne. Maryanne hakugomba, hata alimpa pole. Lakini wageni wa uwanja wa ndege wakaenda kwa Owen. Siku hizi Samuel hubeba walimu na mafundi, watu wasiotazama matairi. Purity ametoka shule ya bweni, anasoma ya kutwa. Dama hajakosa zamu tena.

Jumanne iliyopita walisimama kwangu wajaze upepo. Nikajaribu utani wetu wa zamani.

"Mlamu, hizo rimu mbona zimekunjamana kama uso wa mwenyewe?"

Hakucheka. Alizima gari, akashuka, akainama. "Ipi? Ya nyuma? Ina ufa?"

"Natania, bwana."

"Sema tu, Shutu. Ni ipi?"

Dama alinitazama dirishani, akatikisa kichwa polepole. Nikachukua nyundo. Nikazunguka na Samuel gari zima, nikaigonga kila rimu mara mbili mbele ya macho yake, naye akatega sikio kila mara asikie kama kuna ufa, mpaka ya nne. Ndipo akaridhika, akanishukuru kwa heshima kama mteja, na wakaondoka. Ilikuwa saa mbili na dakika tano; zamu ya saa tatu wangeiwahi.