Kisigino cha Mama

Nesi alikuwa anamkausha bibi wa watu katikati ya vidole vya miguu simu ilipoita. Ndiyo iliyokuwa kazi yake huko ughaibuni: kuogesha, kulisha na kugeuza wazee wasio wake, kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Aliegemeza simu dirishani akampokea wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa akikaa na mama yao.

Simu za video za wifi zilikuwa zilezile siku zote. Uso wa mama, kilemba kipya, pazia la maua nyuma yake, hajambo, basi. Siku hiyo mtu alibisha hodi na wifi akaitupa simu kitandani bila kuikata. Nesi akaiona miguu ya mama yake. Kisigino kimoja kilikuwa cheusi, ngozi imebanduka, shuka limegandia.

Kidonda kile hakikuletwa na uzee. Kililetwa na kulazwa upande mmoja na kusahauliwa.

Alimvisha bibi soksi, akaenda kuomba ruhusa. Msimamizi alimjibu macho yakiwa kwenye kompyuta kwamba haiwezekani, bibi hali kwa mkono wa mtu mwingine.

"Basi mwanawe aje amlishe," Nesi alisema. Akavua aproni, akaiacha juu ya meza ya msimamizi.

Alifika nyumbani bila kumwarifu mtu. Sebuleni makochi yalikuwa yamebanana hata pa kupita hapana. Mama alikuwa chumba cha nyuma, pamoja na magunia ya mkaa na baiskeli mbovu. Pazia la maua lilikuwa limepigiliwa misumari ukutani. Nyuma yake hapakuwa na dirisha.

Kaka alikuja na maneno matamu: mbona hukusema tukupokee, wazee ndivyo walivyo, na mke wangu naye binadamu, anachoka. Nesi alimwacha aseme huku akichemsha maji.

"Shika mguu," akamwambia.

Kaka akasema yeye mwanamume, hawezi kumshika mama yake hivyo.

"Mimi nimeogesha baba za watu ili wewe ukalie hayo makochi. Shika."

Akashika. Shuka lilipobanduliwa mama aliguna kwa maumivu, na kaka akageuza uso.

"Tazama," Nesi alisema, na hakuendelea mpaka kaka alipotazama.

Sasa Nesi amepanga chumba karibu na zahanati anakofanya kazi, na mama yuko naye. Kutoka ughaibuni, mwenzake wa kazi alimwandikia kwamba bibi bado anakataa kijiko. Habari hiyo ilimkera kutwa nzima, na hakujua amkasirikie nani.

Kisigino kinafunga polepole. Kaka huja Jumapili, anamgeuza mama, anamwaga beseni, anaondoka. Wifi hajatia mguu.

"Mwanangu, yaishe," mama humwambia.

"Bado, mama," Nesi hujibu, na kuendelea kumfunga bendeji taratibu.