Tusekile Atangulie

Tusekile alipopata likizo ya Novemba, hakusema anakuja nyumbani kupumzika. Alimpigia simu mama yake, Naomi, akamwambia, "Mama, mwaka huu nataka niwapandishe mlimani. Nyote."

Naomi alikuwa uani kwake Njisi, anageuza kokoa iliyoanikwa kwenye turubai. Alisimama, simu sikioni, akageuka kutazama mashariki. Milima ya Livingstone ilikuwa palepale, imesimama juu ya ziwa kama ukuta. Tangu utoto wake aliitazama ili ajue kama mvua inakuja. Kuipanda, hakuwahi hata kuota. Wenye njia ya huko ni Wakinga, watu wa mlimani, wanaoshuka na viazi hadi soko la Lyulilo na kurudi kwao na samaki na vyungu. Mtu wa bondeni hapandi mlima ila ana shida.

"Nani anaumwa huko juu?" aliuliza.

Tusekile alicheka hadi simu ikakwaruza. "Hakuna anayeumwa, Mama. Tunakwenda kutembea tu. Kama wanavyotembea wageni wangu."

Wageni wake walikuwa watalii. Tusekile aliondoka Kyela akiwa msichana, akaanza Kilimanjaro kama mpagazi, akibeba mizigo ya watu kichwani. Baadaye akawa msaidizi, akasoma, akafanya mtihani, na sasa alikuwa kiongozi mkuu wa misafara. Naomi alikuwa na picha zake kwenye simu: watu waliojivika makoti kama magunia, wamesimama kwenye theluji, wote sawa. Akinamama wa kwaya alikuwa akiwaonyesha, "Huyu hapa mwenye kofia nyekundu." Wao wakasema, "Hongera, mama Tusekile." Naye akapokea hongera hizo kwa furaha, ingawa moyoni hakujua hasa anapongezwa kwa lipi. Kuonyesha njia? Njia si inaonekana?

Jumapili ya kwanza baada ya Tusekile kufika, familia ilikutana barazani baada ya ibada. Alikuwepo baba, Ambilikile, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji miaka mingi na ambaye hata kugawa ndizi nyumbani alikugeuza kikao. Alikuwepo Eliud, mtoto wa kwanza, mwenye duka la vipuri vya pikipiki mtaa wa Bondeni, pamoja na mkewe, Queen. Ambilikile alifungua kwa sala, akakohoa, akaanza kupanga.

"Tutaondoka Matema alfajiri. Mimi nitakuwa mbele. Eliud atakuwa nyuma, awaangalie wanawake. Tukikaza mwendo, jioni tupo Bulongwa, kule juu Ukinga."

Tusekile alisubiri baba yake amalize. Halafu akasema kwa adabu, "Tata, naomba nami niseme neno."

"Sema."

"Hatutafika siku moja. Tutalala njiani, kwenye mahema. Kila mtu atatembea kwa mwendo wa yule anayechoka upesi. Na kabla ya safari yenyewe tutafanya mazoezi, tupande kidogo juu ya Lyulilo, niwaone mnavyotembea. Na kuna sheria moja tu: kiongozi akisema turudi, tunarudi. Hata kama tunakokwenda panaonekana kwa macho."

Eliud alitabasamu. "Na kiongozi ni nani?"

Queen alijitia kufunga vizuri kilemba chake. Naomi alimtazama binti yake, akaona hakuinamisha uso wala hakuukunja. Alikaa tu, kama mtu aliyezoea kuulizwa swali hilo.

"Tutaona hukohuko," Ambilikile alisema, akafunga kikao.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya vituko. Tusekile alikuwa amemletea mama yake viatu vya mlimani, vizito, vyenye kamba ndefu na soli kama tairi la trekta. Akamwambia asivitunze kabatini, avivae kila mahali ili vizoeane na miguu. Basi Naomi akaenda navyo shambani, akaenda navyo kisimani, na siku ya mazoezi ya kwaya akaenda navyo kanisani chini ya kitenge kipya. Wenzake walimtazama miguuni, wakatazamana. "Nina safari," aliwaambia, akatafuta mahali pake kwenye mstari wa sauti ya pili, kichwa juu.

Jumamosi walikwenda kufanya mazoezi. Walipita Matema hadi Lyulilo, wakaacha soko na kelele zake za asubuhi, wakashika njia ya Wakinga. Tusekile alimwomba baba yake atembee nyuma yake. Ambilikile alikubali kwa mdomo, lakini kabla mitumbwi iliyoegeshwa ufukweni haijaonekana midogo, alikuwa ameshampita na yuko mbele, anapanda kwa fimbo kama anayekwenda kuamua ugomvi wa mipaka.

Jua lilipopanda, Naomi alianza kumwona mumewe akisimama mara kwa mara. "Tazameni ziwa," alisema, nao wakatazama ziwa. Baada ya kona chache, "Tazameni ule mti." Mti wenyewe haukuwa na lolote. Juu yao, karibu kabisa, ukaonekana mgongo wa kilima ambapo walipanga kula chakula kisha wateremke.

Tusekile alipita mbele, akashika mkono wa baba yake, akambana kidole kwa kidude kidogo cha kupimia mapigo ya moyo anachotembea nacho kazini. Akamkalisha kwenye jiwe. Akampa maji. Wakasubiri kitambo, akampima tena.

"Kichwa kinauma, Tata?"

"Kidogo. Ni jua."

"Mapigo ya moyo hayashuki. Tunarudi."

"Turudi?" Eliud alinyoosha mkono kuelekea juu. "Si pale tu! Mzee apumzike, tumalizie. Mambo gani haya, Tusekile? Watu watatucheka, tumeshindwa hata mazoezi."

"Kaka," Tusekile alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "nimewahi kumrudisha mtu aliyekuwa anakiona kilele cha Kilimanjaro mbele yake. Alikuwa amejiandaa miaka. Alilia, akanitukana matusi ambayo siwezi kuyasema mbele ya wazazi. Nikamteremsha. Sasa hivi yuko kwao, ana wajukuu. Hapa namteremsha baba yangu mzazi. Unafikiri nitabembeleza?"

Naomi alimjua mumewe. Katika maisha yao yote hakuwahi kumsikia akipewa amri mbele za watu, achilia mbali na mtoto, achilia mbali na mtoto wa kike. Ambilikile alikuwa amekaa kwenye jiwe, jasho linamtiririka, macho kwenye ule mgongo wa kilima. Kisha akajiinua kwa fimbo.

"Eliud, nyamaza," alisema. "Uliuliza kiongozi ni nani. Ndiye huyo. Tusekile, tangulia. Nakufuata."

Wakateremka. Tusekile mbele, baba yake nyuma yake, akikanyaga palepale alipokanyaga binti. Naomi aliyekuja wa tatu alitamani akinamama wote wa kwaya wangekuwepo.

Hospitalini waliambiwa presha ya Ambilikile imepanda, na huenda imepanda kwa muda mrefu bila mwenyewe kujua. Alipewa dawa. Kuhusu kupanda mlima kwa miguu, daktari alisema hapana, tena akasema mara moja tu.

Nyumba ilipoa. Ambilikile alishinda barazani akichokonoa ardhi kwa fimbo yake, na Queen alianza kusema taratibu kwamba labda safari iahirishwe hadi mwakani. Naomi naye alikuwa ameshavua vile viatu. Mume hawezi kwenda, mke atakwenda wapi?

Tusekile hakuahirisha. Alichukua kigoda akaenda kukaa karibu na baba yake.

"Tata, kule kwetu kazini msafara hauna mbele na nyuma tu. Kuna mtu anayetangulia kambini. Asipokuwepo, watu wanafika na baridi yao na njaa yao hawana pa kushikia. Mimi Bulongwa sijui mtu. Wewe unawajua Wakinga tangu enzi zako za uenyekiti."

Ambilikile aligeuza shingo. "Amon bado yuko," alisema. "Amon wa viazi. Ana nyumba kubwa."

"Nimemuuliza daktari. Amesema kwa gari unaweza, ukinywa dawa zako na usipobeba kitu. Unazunguka Tukuyu, unapita Isyonje, unaingia Ukinga kwa juu. Unatupokea."

"Kwa gari," mzee alirudia, kama anayeonja chakula cha kigeni. Halafu akaomba simu.

Kuanzia hapo baraza likawa ofisi. Aliongea na Amon asubuhi, akaongea naye jioni. Alitafuta gari, akalikataa, akatafuta lingine lenye breki za kuaminika. Aliagiza mchele mpya wa Kyela, maana hawezi kufika kwa watu mikono mitupu, na samaki wakavu. Alitaka kujua kutoka kwa Tusekile watu wakitoka mlimani hupewa nini kwanza, chai au supu.

Naomi alipomwambia kwamba yeye atapanda naye garini, Ambilikile alikataa.

"Nenda na mtoto," alisema. "Mmoja wetu lazima amwone akiwa kazini."

Basi akaenda.

Waliondoka Matema kukiwa bado na ubaridi wa asubuhi, na jua lilipowakuta walikuwa tayari juu ya mashamba ya mihogo. Hapo ndipo Naomi alipojua alikuwa akipongezwa kwa lipi miaka yote. Tusekile hakuwa anaonyesha njia. Alikuwa anawasikiliza. Alitembea mbele bila kugeuka, lakini alijua Queen ameanza kuchechemea kabla Queen hajajua mwenyewe, akasimama, akambandika plasta kisiginoni. Alijua Eliud anajikaza. Eliud alipobanwa na misuli ya paja hata akaketi chini akiguna, Tusekile alimnyoosha mguu taratibu, akachukua begi lake akaliweka juu ya lake mwenyewe, wala hakusema neno moja la kumkumbusha lolote.

"Ndaga fijo, dada yangu," Eliud alisema, akimshukuru kwa Kinyakyusa, jambo ambalo hufanya akiwa amelainika.

Siku ya pili, mahali ambapo njia hupita ubavuni mwa genge, ukungu uliwashukia. Chini palikuwa peupe, juu peupe. Naomi alisikia maji yakianguka mahali asipopaona, akajua kwamba hawezi kunyanyua mguu, si wa kwenda wala wa kurudi.

"Mama," sauti ya Tusekile ilikuja kutoka karibu, tulivu. "Usitazame chini. Usitazame mbali. Tazama kisigino changu tu. Kikinyanyuka, nyanyua wako."

Naomi alitazama kisigino. Kikanyanyuka, akanyanyua. Hakuna kingine duniani ila kiatu kile na tope lake. Alipoambiwa ainue macho, genge lilikuwa nyuma na mbele yao walikuwa wanawake wa Kikinga wanateremka na mizigo ya viazi, wakishangaa kuona watu wanaopanda bila bidhaa.

"Nani anawaongoza?" mmoja aliuliza, akimtazama Eliud.

"Binti yangu," Naomi alijibu upesi kabla mwingine hajafungua kinywa. "Huyo hapo. Ni kazi yake. Hupandisha watu Kilimanjaro."

Bulongwa waliiona alasiri, jua limerudi na baridi ikiwa ileile. Kando ya njia kulikuwa na kundi la watu. Naomi alidhani kuna msiba. Halafu akamtambua mumewe katikati yao, amevaa koti la Amon lililomfikia magotini, anawapanga watu mstarini kwa fimbo kama siku za ugeni wa mkuu wa wilaya.

Ambilikile hakumwamkia kwanza mkewe, wala mwanawe wa kiume. Alikwenda kwa Tusekile. Akavua kofia, akampa mikono miwili.

"Karibu, kiongozi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa mstari. Kisha akawageukia wenyeji. "Niliwaambieni. Amewaleta wote."

Tusekile alipiga goti kidogo, kama inavyompasa binti mbele ya baba, bado ana mabegi mawili mgongoni. Akashika mkono wa mzee, akageuza kifundo chake taratibu, vidole vikatafuta mapigo.

"Dawa umekunywa, Tata?"

Watu wakacheka. Ambilikile akasimama wima zaidi, koti likamwenea.

"Nimekunywa," alijibu. "Nendeni ndani. Supu inapoa."