Dola Kumi za Mashine ya Mirathi

Marehemu Hosea Grimsley aliandika wosia wenye mashahidi wawili, akamwachia mkewe Ozella shamba lote, ekari arobaini. Ozella akautia kwenye mfuko wa plastiki, akauweka ndani ya friza chini ya bamia, kama wengi wetu huku Alabama tunavyofanya na karatasi za maana; nyumba ikiungua, friza husalia. Akakaa. Alidhani wosia ukishaandikwa, yamekwisha. Mwanasheria mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyemwambia kwamba usipofikishwa mahakama ya mirathi ndani ya miaka mitano tangu kifo, ni karatasi tu, na shamba atagawana na Curtis, mtoto wa mke wa kwanza, aliyekwisha kuongea na wanunuzi wa magogo.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Nilimpeleka kwa gari langu, mfuko u mapajani mwake unatoka jasho. Tulifika saa tisa na nusu. Wanafunga saa kumi.

Karani, Twyla Haskew, alimtajia ada moja moja, na mwisho kabisa dola kumi za mitambo ya ofisi, mashine ya kunakili ikiwemo, ambazo kaunti imeanza kumtoza kila anayeingia pale, awe amefiwa au anaoa, maana vyeti vya ndoa navyo hutolewa hapo hapo. Ozella akalipa zote ila hizo kumi. Twyla akaugusa wosia, akasema mashine ya kunakili haimezi karatasi mbichi, itaichana.

"Basi kama hainifai, siilipii," akasema Ozella.

"Bi Ozella, sheria hiyo sikuitunga mimi. Ada isipotimia, sigongi muhuri."

"Mwanangu, kinyozi asipokunyoa, utamlipa?"

"Nitamlipa, kama kanishikia shamba langu."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka kidogo. Ozella hakucheka. Aliitazama saa ya ukutani, dakika sita zimebaki, akafungua pochi, akaweka noti mezani na kuikandamiza kwa kidole. Nilidhani atairudisha. Kisha akaondoa kidole.

Twyla akagonga muhuri kwa mkono, akaandika tarehe na saa, akasema ukishapokelewa umepokelewa, kunakili kutangoja kesho. Akauweka wosia katikati ya karatasi mbili kavu, akaulaza juu ya mashine, pale penye joto kama la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, ukauke.

Ozella alisimama akiuangalia mpaka mlinzi alipokuja kufunga mlango.

"Haya," akasema, "angalau inakausha."