Jina la Abilahi kwenye Kadi

Hussen Likwata wa Kikole ana haya kupita kiasi, na haya siku hizi hailishi mtu. Alinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa rafiki yake Abilahi wa Mtanda, Lindi mjini. Abilahi akampa ufunguo na kadi ya gari, wakasoma Fatiha, wakanywa chai aliyoileta Bi Somoe, mke wa Abilahi. Basi. Karatasi hawakuandikiana, maana Hussen aliona kumdai rafiki maandishi ni kumwita mwizi kwa adabu. Kubadili jina kwenye kadi nako kulitaka waende wote wawili ofisi ya mapato. Kila msimu wa korosho ukiisha walisema wataenda. Miaka sita hiyo!

Abilahi akafa. Kirikuu ndicho kilichobeba waombolezaji hadi makaburini. Baada ya kuzika, shehe akasema mwenye dai lolote kwa marehemu awaone wanawe, au amsamehe. Hussen akaikumbuka kadi. Lakini jamani, nani anayesimama mbele ya kaburi bichi kuzungumzia gari? Watu wakaitikia, "Tumemsamehe!" Sauti yake ilizidi zote.

Arobaini ilipopita, alikwenda Mtanda kumwomba Ismael, mtoto mkubwa wa marehemu na msimamizi wa mirathi, amsainie fomu za kubadili jina.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Ismael alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Gari hilo liko kwenye orodha ya mirathi. Kadi inasema ni la baba."

"Nililinunua, mwanangu."

"Sisi tulijua kakuazima. Na siku ya maziko tuliuliza, baba mdogo. Ulikuwepo."

Hussen akaligeukia pazia la chumbani. Bi Somoe alikuwa ndani, kwenye eda.

"Shemeji, siku ile chai ulileta wewe. Uliona kila kitu."

Kitanda kililia kidogo.

"Mambo ya magari sikuwa nayajua mimi, shemeji."

Uongo mtupu, na Hussen hakuweza hata kumchukia. Mama yule amebaki na watoto watatu wa kusomesha. Hussen mwenyewe ana wanne, na wote wanakula kwa kirikuu hicho hicho. Aende mahakamani akaseme nini, ikiwa shahidi wake pekee keshasema hajui kitu? Akaweka ufunguo na kadi mkekani.

"Breki ya mbele inavuta kushoto," alimwambia Ismael. "Na usizidishe magunia sita, springi zimechoka."

"Ahsante, baba mdogo. Twende basi nikufikishe stendi, jua kali."

Wakatoka. Ismael akashika usukani. Hussen akazunguka upande wa pili na kufungua mlango wa abiria. Kwa miaka yote sita hakuwahi kupandia mlango ule, na sasa alihangaika kuufunga mpaka Ismael akanyoosha mkono, akamfungia.