Usukani Unaocheza

Fundi cherehani alifikia uamuzi wa kuligawa gari lake akiwa anapiga mswaki, na mpaka chai inamiminwa alikuwa ameshamtangazia mkewe.

"Chura aondoke," alisema. "Nimpe yule jirani wa gereji ya pikipiki. Amemtamani siku nyingi."

Mkewe aliweka birika chini, akamtazama. Chura lilikuwa gari jekundu la spoti, la milango miwili, zee lakini lenye madaha, fupi kiasi kwamba kuingia ndani ilikuwa kama kuketi mkekani. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti, na ukiziwasha zilitokeza nje kama macho ya chura; ndiyo asili ya jina. Mumewe alilifuta kwa kitambaa laini kuliko kile cha miwani yake. Watoto wao, waliokwisha kuoa na kuolewa, bado walilalamika kwamba nyumbani kulikuwa na mtoto mmoja aliyependwa kuliko wote, na hakuwa binadamu.

"Umelichoka?" mkewe aliuliza.

"Nimelichoka."

Mke akajua huo ni uongo, ila hakujua ni wa nini. Alisema tu kwamba gari limelala bandani muda mrefu, betri imekufa, na halitoki bila fundi. Atampigia simu mdogo wake.

Ukweli wenyewe fundi cherehani aliumeza pamoja na chai. Mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi. Hospitali walikiita chepesi, na kweli, baada ya mazoezi mengi ya kuminya kijimpira na kuokota punje za maharage moja moja, mkono wake wa kushoto ulirudi karibu wote. Lakini yeye alikuwa mtu wa shoto. Mkono huo ndio uliokata suti za mabwana harusi wa mji mzima. Siku ya kwanza aliyorudi kwenye usukani, mkewe akiwa kando yake, walipofika kwenye kona pana ya barabara kuu gari lilishika njia yake lenyewe. Alikata kushoto, likachelewa. Akaongeza, likaruka upande na kukwaruza ukingo wa mtaro. Alimsingizia mbwa. "Umemwona yule mbwa?" alimwuliza mkewe huku jasho likimtiririka.

Tangu siku hiyo hakuendesha tena. Dukani nako aliuweka mkasi chini, akamwachia mwenzake kazi ya kukata, yeye akabaki kupima wateja na kushona vifungo. Kama mkono umeshindwa na usukani, alijiambia, kitambaa cha watu utakiwezaje?

Mdogo wa mkewe alijulikana kwa jina la Spana. Alikuwa na gereji yake mwenyewe, sauti ya kupenya ukuta, na kwa shemeji yake utani usio na breki. Alifika Jumamosi asubuhi na sanduku la vifaa begani.

"Shemeji, kumbe bado upo! Mimi nilishaanza kumtafutia dada yangu mume mwingine."

"Mtafute," alijibu fundi cherehani. "Ila awe anajua kupiga pasi."

Spana alicheka, akaingia bandani. Alibadilisha betri, akajaza upepo matairi, akaondoa utando wa buibui kwenye vioo. Chura alikohoa, akakohoa tena, kisha akanguruma. Hapo fundi cherehani aligeuza uso akajifanya anakagua komeo la lango.

"Nalizungusha kidogo mtaani," Spana alisema, akaondoka.

Alikawia. Aliporudi alikuja mwendo wa kunyata, akasimamisha gari mbele ya lango, na hakushuka. Alikaa tu, mikono juu ya usukani. Utani ulikuwa umemwishia usoni.

"Shemeji, gari hili limekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Usukani unacheza. Nakata kulia, lenyewe linafikiri kwanza. Nikiongeza, linakurupuka. Pale kwenye makutano limetaka kunitia mtaroni."

 Fundi cherehani alishika nguzo ya lango.

"Limetaka kukutia wewe mtaroni?" aliuliza. "Wewe mwenyewe, na mikono yako hiyo?"

"Sasa ningeendesha na mikono ya nani?"

Mkewe alikuwa amesimama barazani na ungo mkononi, akisikiliza yote. Alimtazama mumewe anavyohema, na mambo yakaanza kumkaa sawa kichwani.

"Baba watoto," alisema polepole, "siku ile hapakuwa na mbwa."

"Hapakuwa."

"Nilijua. Nilidhani umesinzia, ukaona haya. Ndiyo maana sikukuuliza."

"Nilidhani ni mkono," alisema. "Nilidhani mkono umekwisha. Kila siku tangu wakati ule nimekuwa nikidhani hivyo."

Mkewe aliweka ungo chini, akaja akasimama karibu naye. Spana aliwaacha kidogo, kisha akashuka garini na kufunga mlango kwa kishindo, kama mtu aliyepewa kazi.

"Haya. Huyu Chura haendi popote akiwa hivi, awe wako au wa jirani. Atamuua mtu. Shemeji, vua hiyo saa, ingia kazini."

Aliinua gari upande wa mbele kwa jeki, akaliwekea stendi za chuma, akashika kila gurudumu la mbele pande zote mbili na kulitikisa. La kulia lilitulia. La kushoto lilijibu kwa mlio mdogo: kwa, kwa. Akalaza kipande cha boksi, akajisukuma chini ya gari.

"Ncha ya tairodi imekwisha," alisema kutoka huko chini. Tairodi ni kile chuma kinachopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu, na kiungo cha mwishoni mwake kilikuwa kimelika. "Hii ninayo gereji. Nipe kitu cha kuwekea alama, nijue mpya nitaifunga mpaka wapi."

Fundi cherehani alitoa mfukoni chaki yake bapa ya kuchorea nguo, akampa.

Mchana huohuo ncha mpya ilikuwa mahali pake. Fundi cherehani alipewa funguo ajaribu mwenyewe, na Spana akakaa kando. Walifika mwisho wa mtaa tu. Alipokata kona, mikono yake ilizunguka kwanza, gari likafuata baadaye, kama mtoto aliyeitwa akijifanya hakusikia. Si kama mwanzo, lakini ulegevu ulikuwepo. Alisimama palepale katikati ya njia.

"Unaona?" alisema. "Umefunga kipya na bado. Ni mkono, shemeji. Tusidanganyane."

"Sogea."

"Mimi nimesema..."

"Sogea, niendeshe mimi!" Walibadilishana. Spana akakata kona ileile. Gari likasitasita vilevile. "Haya. Na mkono wangu nao umepigwa kiharusi? Tena yote miwili?"

Fundi cherehani alicheka bila kutaka. Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akageuka kuwatazama, na hilo likamzidishia kicheko.

Kesho yake waliendelea. Safari hii Spana hakuliinua gari hewani. Alilipandisha juu ya vipande vinene vya mbao ili matairi yabebe uzito, akaingia chini na tochi, na shemeji yake akakaa kwenye usukani.

"Nataka ukate kulia kidogo, kushoto kidogo, bila kuacha. Pole pole. Usikate mpaka mwisho. Na utumie huohuo mkono wako wa kushoto, maana ndio utakaonipa mwendo mdogo ninaoutaka."

Akaanza. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Mkewe alikaa kwenye kiti kidogo kando, anachambua mboga na kuwatolea maoni wasiyoyaomba. Kiganja kilimchoma mumewe, bega likaanza kumuuma, lakini alijikaza kisabuni. Kutoka chini alisikia Spana akitaja viungo kimoja kimoja: hiki kizima, hiki kizima, hiki nacho hakina neno. Kisha kimya.

"Endelea, usiache!"

Aliendelea.

"Nimekupata, mshenzi wewe!"

"Mimi?"

"Si wewe, shemeji! Njoo uone."

Alishuka, akalala ubavu juu ya boksi na shati lake jeupe, mkewe akiguna, na Spana akamwita dada yake ashike usukani kwa zamu. Kwenye mwanga wa tochi aliona bomba refu la chuma lililolala kutoka upande hadi upande. Hiyo ndiyo raki, Spana alimweleza. Usukani ukizunguka, chuma kilicho ndani yake ndicho kinachosukuma tairodi kulia na kushoto, na bomba lenyewe linatakiwa litulie tuli. Mkewe alipokata, bomba zima lilihama kwanza, ndipo magurudumu yakafuata. Mpira ulioshikilia bomba hilo kwenye bodi, ile bushi, ulikuwa umelowa mafuta miaka na miaka mpaka ukawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Spana aliuchokoa kwa kidole, ukamwagika vipande.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema fundi cherehani kwa sauti ya chini.

"Hiki kilikuwa chini ya makalio yako," alijibu Spana.

Bushi za gari zee kama lile hazikupatikana kirahisi. Muuza vipuri alikuna kichwa, akasema ataagiza. Katika kungoja huko fundi cherehani alienda kwa jirani wa pikipiki, aliyekwisha kumwahidi gari, kumwomba radhi: hatolitoa tena. Jirani, ambaye tumbo lake lilimtangulia kila aendako, alivuta pumzi ya raha.

"Afadhali, ndugu yangu. Nililipenda, sikatai. Ila nilikuwa silali nikiwaza nitaingiaje."

Na wakati wa kungoja huohuo, asubuhi moja kabla mwenzake hajafika dukani, alitandaza mezani kipande cha kitambaa cha mabaki, akachora mstari, akauchukua mkasi. Alikata. Alipofika katikati mkono ulitetemeka, mstari ukapinda kama njia ya siafu. Akautazama ulipopinda. Zamani, yaani wiki chache tu nyuma, angeuweka mkasi chini akaenda kukaa. Sasa alichora mstari mwingine. Wa pili ulipinda. Wa tatu ulipinda pungufu. Mwenzake alipoingia alikuta sakafu imejaa vipande, na mzee amesimama katikati yake anatokwa jasho, anapiga mluzi.

"Tumevamiwa na panya?"

"Niletee mabaki mengine," alisema fundi cherehani.

Bushi zilipokuja, Spana alizifunga gerejini kwake, akazikaza, kisha akalipeleka gari kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu, maana ukigusa tairodi bila kunyoosha, alisema, matairi yatatafunwa na barabara. Jioni alimkabidhi shemeji yake funguo.

"Ukisingizia mnyama tena, nitakuja kumtafuta mwenyewe."

Jumapili mume na mke walitoka nje ya mji, kwenye barabara ya vilima yenye magari machache. Alikata kushoto kwa vidole tu, gari likaenda kushoto. Alirudisha katikati, likarudi. Hakuna kusita, hakuna kukurupuka. Kila alichotaka kilitendeka saa ileile. Alipanda kilima, akateremka, akapanda kingine. 

Lakini mwili nao una mipaka yake. Baada ya kilima cha tatu mkono ulianza kuwa mzito, vidole vikafa ganzi. Zamani angeficha. Aliwasha taa ya pembeni, akaegesha chini ya ukingo wenye nyasi.

"Umechoka," alisema. "Mkono, si mimi. Twende, badili."

"Nibadili nini?"

"Kiti. Endesha wewe."

Mkewe alimkodolea macho. Katika miaka yote ya Chura hakuna mwingine aliyewahi kuruhusiwa kuliendesha isipokuwa fundi wa magari, naye kwa masharti.

"Nitakuja kulaumiwa."

"Njoo ulaumiwe."

Walizunguka gari, kila mmoja upande wake, wakapishana mbele ya boneti na kucheka kama wezi wa maembe. Mke alijikunja kuingia, akavuta kiti mbele, akapanga vioo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akatia gia, akaachia klachi. Chura akaruka mara moja, akazimika.

"Taratibu, mke wangu. Klachi yake inashika juu."

"Usinifundishe, nipe nafasi."

Aliwasha tena. Safari hii gari lilitambaa, likashika barabara, likaanza kwenda. Fundi cherehani aliuweka mkono wake wa kushoto pajani, akaanza kuuminya kwa ule wa kulia, kidole kimoja baada ya kingine, huku akitazama kilima kinachofuata kikiwajia.